Mzee Springi Ajifunza Kuinuka

Mzee Springi hakuvunjika kitu. Tuelewane hapo mapema, maana maneno ya mtaani hayana breki, na kuna waliokwisha kumpa nyonga ya chuma. Alichougua ni homa ya mapafu, ikamlaza hospitali hadi watu wakaanza kunong'ona, kisha ikamwachia. Mapafu yakapona. Ila siku aliporudishwa nyumbani na kuketishwa kwenye kochi alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, lile kubwa la kumeza watu, alijaribu kuinuka akashindwa. Akajaribu tena. Mapaja yakatetemeka, makalio yakarudi chini, pu!

"Subiri, baba," akasema binti yake wa mwisho, akamshika kwapani na kumnyanyua.

Ndivyo ilivyoanza. Binti huyo alikuwa na mabega mapana ya marehemu mama yake, na mikono ya mtu aliyekua akibeba fremu za makochi. Asubuhi alimnyanyua kwenda msalani, mchana kwenda mezani, usiku kwenda kulala. Mzee akiguna tu, binti kashafika. Shangazi mtu, dada wa mzee aliyekaa nao humo ndani, alikuwa mwembamba mwenye kiuno kibovu, kwa hiyo yeye alisaidia kwa mdomo. "Mshike vizuri! Usiniangushie kaka yangu!"

Sasa, tatizo ni kwamba binti alikuwa amepata kazi. Kufundisha hesabu, shule ya mbali, safari ya kutwa nzima kwa treni. Kazi hiyo aliisubiri tangu amalize chuo, akishona mito karakanani kwa baba yake ili asikae bure. Shule ilimtaka muhula ukifunguliwa, naye alikuwa hajawajibu. Lakini nyumbani alikwisha kusema, bila kelele, huku akipangusa meza: "Siendi. Nani atamnyanyua baba?"

Mzee aliyasikia maneno hayo akajifanya amelala. Yalimchoma. Yalimchoma na, tukisema ukweli, pembeni kidogo yalimpoza.

Zahanati ikamtuma mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mfupi, raba nyeupe, sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya barabara. Alimwamkia mzee, akampima miguu, akamminya mapaja. Kabla hajamaliza maji aliyokaribishwa, alikuwa amesema "inuka" mara nyingi hivi kwamba mzee akambatiza Bi Inuka, na jina likashika.

"Anayekunyanyua ni nani?" akauliza.

"Binti yangu. Mungu ambariki."

"Ambariki sana. Lakini basi anayefanya mazoezi humu ndani ni yeye. Tazama mikono yake. Halafu tazama mapaja yako."

Mzee akatazama. Suruali ilikuwa imemlegea kama foronya iliyotolewa mto. Hakujua kama mambo yamefika hapo, akaona aibu.

"Ugonjwa umenila," akasema.

"Ugonjwa ulionja tu. Kochi ndilo linalomalizia."

Ala! Kumwambia fundi makochi hivyo, na nyumbani kwake! Mzee akajiweka sawa. "Sikiliza, mama. Mimi nimeishi na springi tangu ujana. Kitu kikitumika kinalika. Springi ukiikalia kila siku inachoka, ukiiweka stoo inabaki mpya. Mimi miguu nimeiweka stoo."

Bi Inuka alicheka hadi shangazi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Hapo ndipo ulipoteleza, mzee wangu. Springi haili wala hailali. Msuli ni nyama hai. Ni nyuzi nyembamba, mafungu kwa mafungu, na kazi yake ni moja tu, kuvuta. Hausukumi hata siku moja. Huu wa mbele ya paja ukijifupisha, unavuta goti linanyooka, na wa nyuma unalegea kumpisha mwenzake. Ukikunja goti, wanabadilishana zamu. Sasa mwili ni bahili. Msuli usio na kazi unapunguziwa posho, unakonda. Ukiupa kazi zaidi kidogo ya uliyozoea, unachubuka kidogo ndani, halafu ukipumzika unajengwa upya, na unarudi na nguvu kuliko mwanzo."

"Hata kwa mzee?"

"Hata kwa mzee. Polepole, lakini hata kwa mzee."

Akamhamishia kwenye kiti kigumu cha mezani, kilichoegemezwa ukutani kisiteleze. "Sogea ukingoni. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele, pua ipite vidole vya miguu. Inuka." Mzee hakuinuka. "Kiti kifupi kwako bado," akasema Bi Inuka. "Tungepata cha kukinyanyua kidogo."

Hapo ufundi ukampanda mzee. "Lete sponji," akamwambia binti. "Ile ngumu ya viti vya ofisi. Na kisu kirefu." Akaikata palepale alipokaa, vipande vyembamba vilivyolingana kama vimepigwa msumeno wa kiwandani, binti akavipanga juu ya kiti, kimoja juu ya kingine. Mzee akakalishwa huko juu kama hakimu. Akainama, pua ikapita vidole, akainuka. Peke yake! Shangazi akapiga makofi hadi mwiko ukamtoka.

"Basi ndio hivyo," akasema Bi Inuka. "Ukiona imekuwa rahisi, toa kipande kimoja. Ukizoea, toa kingine. Mpaka kiti kitupu. Na ukikaa usijibwage, shuka taratibu, kushuka nako ni mazoezi. Ukiweza kiti kitupu bila mkono wa mtu, binti yako hana kazi tena hapa."

Alisema kwa utani, lakini binti aliinama akaanza kuokota mabaki ya sponji.

Mzee alianza kwa pupa. Binti alipokwenda karakanani, yeye inuka, kaa, inuka, kaa, kutwa nzima. Keshoye akaamka mapaja yakimuuma kama aliyepigwa marungu. "Nimekatika!" akalia. "Nilisema mimi! Kitu kikitumika kinalika!" Akarudi kwenye kochi, na binti akarudi kumnyanyua.

Bi Inuka alipokuja hakushtuka. "Inauma wapi? Ndani ya goti, kama sindano?"

"Hapana. Nyama yote, huku mbele."

"Basi hao ni wajenzi, waache. Ingekuwa sindano kwenye kiungo, ningekwambia acha kabisa. Kosa lako ni haraka. Haraka haraka haina baraka, mzee. Leo fanya, kesho tembea hadi getini na kurudi, keshokutwa fanya tena. Na unakula nini?"

"Chai na mkate," akajibu shangazi kwa unyonge.

"Wajenzi bila matofali! Mpe mayai, maharage, samaki, maziwa. Na maji anywe." Akamgeukia binti. "Na wewe, mwanangu, akiguna, simama karibu asianguke. Lakini mikono mgongoni."

"Nikimwona anahangaika roho inaniuma."

"Iache iume."

Binti alijitahidi. Lakini mapenzi hayana adabu, na mara nyingi mikono ilimtoroka ikafika kwapani kwa mzee kabla ya miguu ya mzee kufanya lolote. Hata hivyo sponji zilipungua. Mapaja yakaanza kujaa tena ndani ya suruali. Kikabaki kipande kimoja.

Alasiri moja, binti akiwa karakanani na shangazi akianika nguo uani, mzee alikichomoa kile kipande cha mwisho. Akakaa juu ya mbao tupu. Akasogea ukingoni, akarudisha nyayo, akainama. Akajikuta amesimama. Akashuka taratibu, akainuka tena. Furaha ilimjaa, akafungua mdomo kumwita dada yake.

Akaufunga.

Muhula ulikuwa umebakiza wiki mbili kufunguliwa. Akasikia cherehani ya binti ikinguruma kule karakanani, akaiwazia nyumba bila mngurumo ule, bila mtu wa kumtania mezani, yeye na dada yake wakitazamana kama vikombe kabatini. Nani alikuwa ameona? Hakuna. Akakirudisha kipande cha sponji, akakikalia.

Akanyamaza hivyo kwa siku kadhaa. Binti akitokea, yeye anaguna kidogo, na mikono inakuja. Alikuwa anamwibia mwanawe mwenyewe na alijua, chakula kikawa hakimpandi. Usiku alijiambia kesho, na kesho ikifika alijiambia kesho.

Kisha asubuhi moja binti akainama kumshika, na mzee akamsikia akikata pumzi. Akamwona amejishika kiuno, uso umekunjana.

"Nini?"

"Hamna kitu, baba. Kiuno tu. Kimeanza siku nyingi, kitapoa." Akanyoosha mikono tena.

Mzee alitazama uso ule. "Toa mikono," akasema.

"Baba, utaanguka."

"Toa, nimesema."

Akachomoa sponji, akaitupa sakafuni, akakaa juu ya mbao. Akasogea ukingoni, akarudisha nyayo, akainama, akainuka. Akasimama mbele ya binti yake akimtazama macho kwa macho, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu kabla ya homa.

Binti alibaki mikono hewani. "Tangu lini?" akauliza polepole.

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita! Baba! Na mimi nimeshaanza kufikiria jinsi ya kuwaambia kwamba kazi siitaki!"

"Najua, mwanangu. Nilijua nikisimama utakwenda, ndiyo maana nilikaa." Akamwekea mkono begani. "Nisamehe. Nenda kafungashe."

Binti alifungua mdomo kugomba, lakini kilichotoka ni kilio. Akamwangukia baba yake begani, akamwachia uzito wake wote, mabega yale mapana na yote yaliyokuwa ndani yake. Shangazi, mlangoni, akapiga kelele kwamba mzee ataanguka.

Miguu ya mzee ilitetemeka. Akaikaza, akamshika mtoto wake, na miguu ikawabeba wote wawili.