Chai ya Mia Tano

Katika miaka yake yote ya kukagua hesabu za serikali, Bwana Dalmas Achola hakuwahi kunywa chai ndani ya ofisi aliyokuwa akiikagua. Alibeba maji yake mwenyewe kwenye chupa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: nchini humu neno "chai" lina maana mbili, na mkaguzi akisemwa kwamba alikunywa chai kwa mhasibu fulani, hakuna atakayeuliza kama ilikuwa na maziwa. Alistaafu akiwa na jina safi, nyumba Milimani, na maadui wa kutosha kujaza ukumbi.

Kwa msimamo huohuo hakuwahi kumwachia mhudumu wa hoteli hata shilingi. Bakshishi, kwa maoni yake, ilikuwa malipo yasiyo na risiti kwa kazi ambayo tayari ina mshahara, na alikuwa amewaandikia watu ripoti mbaya kwa makosa madogo kuliko hilo. Marehemu mkewe alizoea kusahau sarafu mezani kwa makusudi. Dalmas alizoea kumkumbusha.

Sasa alikuwa mjane wa miaka kadhaa, na alikuwa amemposa Mwalimu Jacinta, naye mjane, mkuu wa shule moja ya msingi karibu na Katito. Mwalimu Jacinta hakukubali wala hakukataa. Alisema atatoa jibu Jumamosi, wakishakula samaki ufuoni mwa ziwa. Dalmas aliuona utaratibu huo kuwa wa busara, mpaka dada yake Benta, aliyeimba kwaya moja na Jacinta, alipopita nyumbani kwake kumwonya.

"Wuod mama, ndugu yangu, keti nikwambie kitu. Kuna yule mwanamume wa Mamboleo, wa matairi. Alimtaka huyu mama kabla yako. Walienda kula mara moja tu, akamkataa hapo hapo mezani."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa sababu ya kile alichomwachia weita."

"Alimwachia nini?"

"Mimi nitajuaje? Kwani nilikuwa chini ya meza? Lakini wewe nakujua. Ukimwachia weita mifupa na asante, umeisha."

Dalmas alifanya alichofanya siku zote mbele ya jambo asilolijua: alikusanya ushahidi. Alianza na mchungaji wake, akamuuliza ni kiasi gani mtu mwadilifu humwachia mhudumu.

"Wengine husema asilimia kumi," alisema mchungaji. "Wengine kumi na tano."

"Mwenyezi Mungu anapokea ngapi?"

"Fungu la kumi, Mzee. Unalijua."

"Basi mtu anayemwachia mhudumu kumi na tano amemweka juu ya madhabahu. Na anayemwachia kumi amewalinganisha."

Mchungaji akamuuliza kama yeye binafsi alikuwa ametoa lake la mwezi uliopita. Mazungumzo yakaishia hapo.

Alimwendea Obeid, rafiki yake Mwislamu wa tangu shule, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Obeid alikuwa akipima misumari.

"Toa unachoweza," alisema Obeid, "lakini kitolee siri. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue."

"Na mwanamke aliyeketi mbele yangu, atajua?"

"Hapana. Ni kati yako na Mola wako."

"Obeid, mimi nataka ajue. Ndiyo maana natoa."

Obeid aliweka misumari chini. "Hiyo basi si sadaka, bwana. Hilo ni tangazo. Ukitaka tangazo, nenda redioni."

Kwa kuwa dini mbili zilikuwa zimeshindwa kumpa tarakimu, Dalmas alijipangia mwenyewe. Alichagua noti ya mia tano, mpya, isiyokunjwa. Ijumaa jioni alisimama mbele ya kioo akafanya mazoezi ya kauli ambayo hakuwa ameitamka tangu azaliwe: "Hii ni ya chai." Aliirudia kwa sauti mbalimbali, mpaka bawabu akagonga dirisha kuuliza kama anaitwa.

Hoteli aliyoichagua Mwalimu Jacinta ilikuwa ya Mama Debra, chini ya mabati, hatua chache kutoka mahali mitumbwi inapoteremsha samaki. Dalmas aliketi akiupa ukuta mgongo, kama wakaguzi wanavyoketi, ili aone mlango na kaunta kwa pamoja. Kwa sababu hiyo hakuliona tangazo lililobandikwa juu ya kichwa chake, lililoandikwa kwa kalamu nene nyekundu: MHUDUMU AKIPOKEA CHAI NA KAZI IMEISHA. Mama Debra alikuwa amelibandika baada ya kugundua kwamba wateja wakarimu walipata vipande vya tumboni na waliosalia wakapata mikia. Mhudumu wa mwisho kulipuuza sasa alikuwa akiuza soksi stendi.

Mwalimu Jacinta, aliyeketi upande wa pili, alilisoma tangazo hilo pamoja na makosa yake, kwa mazoea ya kazi.

Aliyewahudumia alikuwa Becky, msichana mwenye wiki chache tu kazini, ambaye bado aliwaogopa wateja, sahani, na Mama Debra, kwa mpangilio wa kupanda. Samaki aliyeletwa, ngege, alikuwa mkubwa, na ugali ulikuwa wa moto. Walizungumza kuhusu mvua, na kuhusu wazazi wanaodhani mtoto hufaulu kwa kunyoa nywele. Dalmas alichangia kwa adabu, lakini mkono wake ulikuwa mfukoni, juu ya noti.

Hatimaye bili ikaja, akailipa kamili, akapewa risiti, akaihakiki. Kisha akajinyoosha, akaitoa ile noti, na kwa sauti iliyokuwa imezoea kusoma ripoti mbele ya kamati akasema:

"Hii ni ya chai!"

Hoteli nzima ilisikia. Mama Debra, aliyekuwa kaunta, aliinua kichwa.

Becky aliitazama noti, akalitazama tangazo, akamtazama Mama Debra. Watu wamepewa vyeo serikalini kwa akili ndogo kuliko aliyoitumia katika muda huo mfupi.

"Ya chai. Sawa, Mzee," alisema, akaichukua noti kwa ncha za vidole, akaipeleka moja kwa moja kaunta na kutangaza kwa sauti kubwa kuliko ya Dalmas: "Mama, hawa wa ukutani wameagiza chai ya mia tano!"

Mama Debra alikuwa na makosa mengi, ila hakupunja mtu. Chai ya mia tano haikuenea katika chupa yoyote ya kawaida. Ililetwa ndani ya birika kubwa la bati, lililonunuliwa kwa ajili ya vikao vya matanga, na Becky alilibeba kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha jiko.

Mwalimu Jacinta alilitazama birika. "Bwana Dalmas, tumefiwa na nani?"

Dalmas alifungua mdomo ili aeleze kwamba kulikuwa na kosa la tafsiri. Kabla hajapata neno, Mama Debra mwenyewe alikuwa amefika, akijifuta mikono kwa leso. Becky alibaki nyuma yake, uso umemshuka.

"Mzee, karibu sana," alisema Mama Debra. "Nataka tu kuelewa. Hii pesa ilikuwa ya chai, ama ilikuwa ya chai?"

Dalmas alilielewa swali. Aliona pia jinsi Becky alivyokuwa akiuviringisha ukingo wa aproni yake kama kamba, na kwa kuwa alikuwa amekaa maishani mbele ya watu wengi waliokuwa karibu kupoteza kazi, aliutambua uso huo. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wameiba.

Akisema ukweli, angeonekana mkarimu mbele ya Mwalimu Jacinta, na ndivyo alivyokuja kufanya. Tena angerudishiwa mia tano yake. Becky angeenda kuuza soksi. Akidanganya, angekuwa amevunja desturi ya maisha yake yote. Alilipima jambo hilo pande zote, na kwa mara ya kwanza akashukuru kwamba lugha ina neno moja kwa vitu viwili.

"Ya chai," alisema.

"Ya chai?"

"Ya chai, Mama. Nina kiu."

Mama Debra alivuta kiti cha meza ya jirani, akaketi. "Basi kunywa, Mzee. Itapoa."

Dalmas Achola alikunywa. Ilikuwa na maziwa mengi, na sukari ya kutosha kumuudhi daktari. Alipomaliza kikombe cha kwanza Mama Debra hakuondoka. Alipomaliza cha pili alikuwa bado ameegemeza kidevu mkononi, akitazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Katikati ya cha tatu, Mwalimu Jacinta alisogeza kikombe chake mbele.

"Nimiminie na mimi. Kwani umeagiza peke yako?"

Hapo Mama Debra aliridhika. Alisimama akamwambia Becky asizubae, meza za nje zina watu. Becky aliondoka karibu akikimbia.

Mwalimu Jacinta alingoja wabaki wawili. "Sasa geuka, uangalie juu ya kichwa chako."

Dalmas aligeuka, akasoma. Alichukua muda mrefu kuliko urefu wa sentensi.

"Uliliona tangu mwanzo," alisema.

"Tangu samaki. Nikajiuliza, huyu mtu amekuja kumfukuzisha msichana wa wenyewe? Mia tano! Wewe, ambaye Benta ananiambia hujawahi kuacha hata senti?"

"Benta alisema unaangalia."

"Naangalia, ndiyo. Yule wa matairi alitoa elfu mbili. Akaipeperusha hivi, halafu akanitazama mimi. Hata hakumwona aliyempa." Alipuliza chai yake. "Marehemu wangu Owiti alikuwa hivyo hivyo. Hakuna weita hapa ufuoni ambaye hakumjua. Mimi nikiuliza karo, naambiwa mambo ni magumu. Siku ya mazishi mahoteli yalifungwa. Waliolia zaidi walikuwa wamevaa aproni, hata wakaniuliza mimi ni nani wa marehemu."

Dalmas aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo kama ingepokewa..."

"Ungekuwa umeisha. Kunywa."

"Na sasa?"

"Sasa siwezi kujibu, nimejaa. Nipeleke nyumbani. Jibu utalipata njiani."

Dalmas hakusimama mpaka alipoomba risiti ya pili. Becky aliiandika: Chai, mia tano. Dalmas aliikunja akaiweka kwenye pochi, upande wa vitambulisho.

Birika hawakulimaliza, lakini walilijeruhi vibaya, na barabara ya Kisii ni ndefu. Walipofika Ahero, Dalmas aliingiza gari kituo cha mafuta, ingawa tangi lilikuwa limejaa.

"Nataka kutazama bei," alieleza.

"Hata mimi," alisema Mwalimu Jacinta, na alikuwa ameshafungua mlango.

Walitazama bei, kila mmoja upande wake, nyuma ya jengo. Walipotoka walimkuta mzee aliyekuwa akifagia hapo, ameshikilia ufagio, amevua kofia.

"Jaduong', mzee wangu," alimwambia Dalmas, "hakuna ya chai?"

Dalmas alikodoa macho kama aliyetajiwa ugonjwa. "Nimeshakunywa, ndugu yangu. Nimekunywa sana."

Mwalimu Jacinta alicheka mpaka akalazimika kumshika mkono ili asianguke. Alipotulia, hakuuachilia; jibu lilikuwa hilo. "Mpe," alisema. "Hapa hakuna anayetuangalia."

Dalmas alitazama kulia na kushoto, kuhakiki. Ilikuwa kweli. Akatoa noti, bila kuchagua ipi, akampa mzee kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukujua lolote. Ulikuwa na shughuli nyingine.