Joto la Fuwele

Ukumbi wa skuli pale Gombani ulifurika. Mwalim Pandu, aliyemsomesha Himid fizikia, alimshika bega mbele ya wanafunzi. "Huyu mwenetu wa Pujini ndiye aliyegundua kosa katika nadharia ya kwanta, huko Ulaya!"

Makofi yakarindima. Himid alitamani ardhi ipasuke immeze. Ni yeye mwenyewe aliyempigia mwalimu simu kumtambia kwamba nyutroni, chembe za ndani ya atomu, zikipitishwa njia mbili ndani ya fuwele kisha njia zikakutana, hazikuitii nadharia. Asubuhi hiyo wenzake wa maabara walimpa habari: fuwele ilipata joto kidogo tu, ikaharibu kipimo. Nadharia imesimama pale pale.

"Niwie radhi, Mwalim," alisema, macho chini. "Kosa ni letu, tena langu hasa. Mwenzangu alitaka turudie kipimo, nikamcheka."

Mwalim Pandu alivua miwani, akaifuta muda mrefu bila ya kumtazama.

"Watoto hawa nimewahadithia habari zako wiki nzima," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akamnyooshea chaki. "Haya, waoneshe mlivyokosea."

Himid aliipokea. Akaugeukia ubao, akaanza kuchora fuwele na zile njia mbili.