Sufuria ya Kailemia

Mimi hasira zangu ziko karibu, wacha niseme mapema. Mwaka ni 1992, uchaguzi wa vyama vingi unakuja, na wazazi wa shule yetu pale Ruiri walikusanyika uwanjani mchana kuchagua jina la jengo jipya. Kamati ilipendekeza baba yangu, Mzee Bundi, mtu wa kwanza kijijini kupiga kura, 1957. Nililitaka jina hilo kuliko yeye mwenyewe. Baba alikuwa mgonjwa, na nilitaka liandikwe ukutani kabla hajatutoka.

"Mwanzilishi wa demokrasia," nikasoma. Mimi ndiye mwalimu wa historia na mwandishi wa mikutano.

Mama Ciakuthii, mjane, akasimama. "Alipiga kura kwa sababu mkoloni alimpa cheti cha utiifu. Mume wangu Kailemia hakupewa. Wakati huo alikuwa handakini, amefukiwa. Andikeni jina lake."

Handaki lenyewe watu walichimbishwa kuzunguka kijiji wakati wa Hali ya Hatari aliyotangaza mkoloni. Lilifunikwa udongo zamani, na uwanja wetu uko juu yake. Nilimjibu vibaya, siwafichi. Nikamwambia nchi haijengwi na waliokufa, inajengwa na waliojitokeza kuchagua. Watu wakapiga makofi, nami nikafurahi.

Basi tukapiga kura. Kwetu mtu hahesabiwi kwa kidole, ni kumwitia kifo. Kwa hiyo kila mmoja alipewa punje ya maharagwe aitie kwenye sufuria ya jina alilopenda. Mbele ya sufuria ya baba, mstari mrefu. Mbele ya ile ya Kailemia, Mama Ciakuthii peke yake. Akatia punje yake, akarudi kuketi kwenye nyasi. Nilisimama hapo mwanzo hadi mwisho na hakuna mwingine aliyekuja.

Lakini nilisikia kitu kikidondoka ndani ya sufuria ile. Kimoja, halafu kingine, polepole. Nikajiambia ni jua linachoma bati.

Ya baba ilikuwa na punje thelathini na nne. Nikainua ya Kailemia, ikanielemea mkono. Punje zilikuwa na matope mekundu, mabichi, na mvua hatukuwa tumeiona tangu Mei. Nikazihesabu kimya, nikarudia. Kumi na nane. Nikaogopa hata kuinua macho.

Baba alikuwa kwenye kiti chake kule kivulini, macho yake hayaoni tena.

"Kiende, mwanangu," akaniita. "Toa ile punje ya Ciakuthii."

Nikaitoa. Ndiyo pekee iliyokuwa kavu.

"Sasa zimebaki kumi na saba," akasema.

Sikuwa nimemwambia mtu. Wazazi walikuwa wakisubiri nitangaze kwamba baba ameshinda, na kweli alikuwa ameshinda. Nikamwendea, nikainama.

"Baba, umejuaje?"

"Andika Kailemia. Wale wengine kumi na sita nitakutajia."

"Nimekuuliza umejuaje."

Akainua kidole cha shahada, kile alichonifundishia kusoma.

"Kabla ya kuwafukia, mzungu alitaka idadi. Mimi ndiye niliyewahesabu, mmoja mmoja, kwa kidole hiki. Na wote walikuwa wakiniangalia."