Bonde la Kiti cha Gatera

Tangu Gatera afariki, mwaka na miezi miwili sasa, hakuna aliyeruhusiwa kukikalia kiti chake. Hata nzi akitua, mjane wake Kanyange alimfukuza. Kilikuwa kiti cha henzirani, na katikati palikuwa na bonde alilolichimba marehemu kwa miaka ishirini ya kukaa kiupande, mguu wa kushoto ameukunja chini yake. Kila jioni Kanyange alilipapasa bonde lile na moyo ukamtulia. Siku moja binti yao wa pekee, Ihirwe, aliweka mkoba tu pale, akasemwa mpaka akalia.

Wiki iliyopita bonde lilitoboka. Ihirwe akakipakia kiti garini, wakatoka Gahanga hadi Remera kwa Usumani, msukaji wa viti.

"Ihangane, pole mama," Usumani alisema alipokigeuza. "Hii yote iko imekufa. Nitakata, nisuke mpya."

"Na bonde lake?"

"Itaenda nayo."

Kanyange aliona kama anaambiwa amzike mumewe mara ya pili. Lakini angefanyaje? Ihirwe akatoka nje kupokea simu ya kazini. Kanyange akageuza uso kisu kilipopita.

Usumani akatoa fito za henzirani zilizolowekwa pipani tangu jana, na harufu ya msitu ikajaa kibandani. "Ikiwa mbichi hivi mtu asikae," alionya. "Itashika umbo yake." Akasuka huku akisimulia, maana mikono yake haijui kufanya kazi mdomo ukiwa umefungwa. Ujanani aliikata henzirani mwenyewe huko Kongo: mmea mwembamba, wenye miiba, usioweza kusimama peke yake. Hutupa kulabu zake kwenye mti wa jirani na kupanda mpaka ulione jua. "Unakata chini, watu watatu munavuta, haitaki kushuka. Iko inashika tu."

Kanyange alifumba macho. Akauona ukichipua miguuni pa kile kiti, ukapita bati taratibu, ukapita mawingu ya Kigali, ukimtafuta Gatera umshike. Aliufuata muda mrefu. Hakutaka kurudi.

"We dada! Inuka! Hapana, usiinuke!"

Alikuwa Usumani. Ihirwe alikuwa ameingia na simu sikioni, akajibwaga kwenye kiti kilichokwisha kusukwa, kingali kibichi, bila kufikiri.

"Yoo! Mama, unisamehe, nilichoka, sikuona..."

"Imeshachukua umbo yake," Usumani alisema. "Akae mpaka ikauke, ama nisuke tena."

Kanyange alikwishafungua mdomo agombe. Ndipo akaona. Ihirwe alikuwa amekaa kiupande, mguu wa kushoto ameukunja chini yake. Miaka yote alikaa hivyo kwenye kochi la nyumbani, na mama yake hakuwahi kumtazama.

"Niinuke, Mama?"

"Thubutu!" Akavuta kigoda, akaketi karibu, akaweka mkono juu ya goti lile lililokunjwa. "Kaa hivyo hivyo, mwanangu. Leo hatuna haraka."