Beseni la Magurudumu Sita

Sipendi kusifiwa na mtu asiyejua kazi, na zaidi ya hapo sipendi kuchekwa na mtu anayeijua. Mtaa wetu wote wa Katuba ulilifahamu hilo mwaka ule wa 1976, na Liévin, mwenye garaji iliyotazamana na yangu, alilifahamu kuliko wote. Ndiyo maana alivuka barabara kila asubuhi kuja kunicheka.

Kilichomchekesha kilikuwa uani kwangu, juu ya magogo. Kilikuwa gari, lakini gari la namna ambayo hakuna fundi wa Katuba aliyewahi kuiona: chombo cha plastiki ngumu kisicho na milango wala paa, kimeinuka pembeni kama beseni la kuogea, na chini yake magurudumu sita manene, matatu kila upande. Halikuwa na usukani. Dereva alishika vyuma viwili vilivyosimama mbele yake. Akivuta cha kulia, magurudumu ya kulia yanasimama na gari linageukia huko, akivuta cha kushoto, hali kadhalika. Na likifika majini halikutafuta daraja. Liliingia, likaelea, na magurudumu yale yale yakapiga maji kulisukuma mpaka ng'ambo. Wazungu fulani watafuta madini walilileta kwa kazi zao za mabondeni, kisha wakaenda zao wakaliacha nyuma ya ghala. Kuku walitaga ndani yake miaka mitatu.

"Papa Amadi," Liévin alikuwa akisema, akiliita beseni la kuogea kwa Kifaransa, "ile baignoire yako, mayi ya moto itapitia wapi?"

Aliyeniletea ni Mama Marie-Thérèse. Tangu majina ya kizungu yapigwe marufuku, karatasi zake zilimwita Mukuka, lakini wanawake aliowazalisha hawakuwa na habari na karatasi. Alikuwa muuguzi mkunga wa zahanati ndogo ya kijiji cha Chomba, ng'ambo ya mto Kafubu. Kati ya kijiji na mji kuna dembo, bonde la majani ambalo kiangazi unalipita kwa baiskeli, na mvua zikianza linajaa maji mpaka huoni mwisho wake. Mtumbwi unanasa kwenye majani, lori linazama kwenye matope. Mwaka uliotangulia, mama mmoja aliyehitaji kupasuliwa alilala ukingoni tangu asubuhi, Marie-Thérèse amemshika mkono, wote wawili wakisikia gari la wagonjwa likinguruma upande wa pili bila njia ya kuwafikia. Alikufa kabla jua halijatua.

Baada ya hapo daktari wa zone, yaani wilaya yetu, aliandika barua. Kama hakuna njia ya kuvuka, zahanati ingefungwa kila majira ya mvua na muuguzi angerudishwa mjini.

"Docteur atakuya samedi ya pili ya janvier kuangalia," Marie-Thérèse aliniambia. "Kama tunavuka, kazi inabakia. Kama hatuvuke, anafunga. Sasa bale bamama bataenda kwa nani?" Kisha akaongeza, akinitazama usoni bila haya yoyote: "Banasema fundi Amadi hashindwake na mashine."

Mtu akishakuambia hivyo, utafanya nini? Nilikubali kabla hata sijafungua injini. Ningeifungua kwanza, labda ningejibu kwa adabu zaidi.

Injini ilikuwa imeshikana kama ugali wa jana. Niliiloweka kwa mafuta ya taa siku nne, nikaigonga kwa kipande cha mti mpaka pistoni zikakubali kusogea. Minyororo ya kuzungusha magurudumu ilikuwa imeliwa na kutu. Niliunga mingine kutoka mashine za kusagia mahindi, nikichonga pini moja moja kwa tupa. Pale ekseli zinapotokea nje, mahali ambapo maji yangependa kupenya, nilikata duara za mpira kutoka kwenye mkanda mpana wa kubebea mawe ya mgodini, nikazipaka mafuta ya ng'ombe. Hakuna kitabu kilichonifundisha hayo. Marehemu baba yangu, aliyetoka Kasongo akatengeneza cherehani katika mji huu miaka thelathini, alinizoeza kukaa kimya mbele ya mashine mpaka nielewe inasumbuliwa na nini, na mimi nikikaa kimya ujue ni kazi kubwa.

Tumboni mwa chombo palikuwa na ufa wa urefu wa mkono. Plastiki haichomelewi, kwa hiyo nilimwita rafiki yangu Stanislas, mfua shaba. Alichukua bati la shaba kutoka kwenye chombo kikuukuu cha kuchemshia maji ya kuoga, akalifua siku mbili mpaka likafuata mviringo wa tumbo lile, akatandika mpira wa ndani wa tairi chini yake na kulipigilia ribiti arobaini na nne. Ukipitisha ukucha ukingoni haukwami. Stanislas ni mtu mpole, hajui kujivuna, kwa hiyo nilijivuna kwa niaba yake.

Jumatano tulilijaribu kwenye shimo la kuchimbia mchanga lililojaa mvua. Lilielea saa nzima. Nilivua kofia yangu nikapangusa sakafu, kofia ikatoka na vumbi tu. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kiasi kwamba mke wangu Zabibu aliniuliza kama mlango utanitosha.

Jumamosi ile ya pili ya Januari ikawadia. Ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji, na mkuu wa mtaa aliamua kwamba kusukuma gari la zahanati ni salongo pia. Watu mia mbili hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Lori la jirani lilibeba chombo, watu wakafuata kwa miguu na kwa baiskeli, na Liévin alikuja akiwa amevaa vizuri kama anayekwenda harusini. Daktari, Citoyen Mwaba kama serikali ilivyotaka raia tuitane, kijana wa chuo kikuu cha Kasapa, alikuwa amefika kwa Landrova yake, abakosi, ile suti isiyo na tai, imenyooka na viatu vinang'aa, saa mkononi.

"Muende, murudie," alisema. "Miye nabakia hapa naangalia."

Marie-Thérèse aliketi kando yangu na sanduku lake la dawa mapajani. Nilivuta kamba, injini ikaitika kwa mvuto wa kwanza, tukaingia. Majani yalilala mbele yetu, magurudumu yakaacha ardhi, na nyuma yangu watu wakapiga makofi. Sikugeuka. Nilitaka waone mgongo wa mtu ambaye hana wasiwasi.

Tulikuwa katikati ya dembo niliposikia baridi kwenye vidole vya miguu.

"Papa Amadi," Marie-Thérèse alisema kwa sauti ya chini, "mayi iko naingia."

"Ni ile tu inarushwa na magurudumu."

"Hapana. Iko natokea chini."

Aliinua mkeka wa mpira niliokuwa nimeutandika sakafuni. Chini yake maji yalikuwa yakibubujika katika sehemu nne, mbili upande wake na mbili upande wangu. Matundu manne, ya mviringo, safi, unene wa kidole kidogo. Niliyatambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake mwenyewe.

Hapa inabidi nieleze. Katuba mvua zikinyesha barabara zinakuwa mito, maji yanaingia ndani ya magari kwa milango, na gari lisilo na pa kuyatolea linaoza kwa chini. Kwa hiyo kila fundi wa Katuba, akishamaliza kazi yote, anachukua drili ya mkono na kutoboa matundu manne sakafuni. Hatuombwi, hatulipishi. Ni heshima yetu kwa mwenye gari, na ni ishara kwamba kazi imekwisha. Ijumaa alasiri, rangi imekauka, nilikuta mvua imeacha maji ndani ya chombo. Mkono wangu ulichukua drili. Ulikuwa umefanya hivyo miaka kumi na minane, haukuniuliza. Nilitazama maji yakitoka, nikaridhika, nikatandika mkeka.

Nilitamani dembo lote linimeze, na kwa kweli lilikuwa limeanza.

"Tunarudia," nikasema.

"Haturudie. Ukirudia sasa docteur anafunga. Endesha tu."

Alifungua sanduku, akatoa glavu zake za mpira, ambazo zilikuwa adimu kuliko sukari. Alikata vidole vinne kwa mkasi, akavijaza pamba, akapiga magoti ndani ya maji na kuvisokota kwenye matundu, kimoja kimoja, kwa utaratibu kabisa. Kisha akateka maji kwa bakuli lake la chuma na kuyamwaga nje. Hakuuliza matundu yametoka wapi. Alinitazama mara moja tu, na nilijua amekwisha kuelewa.

Tulifika. Upande wa Chomba wanawake walikuwa wamesimama ukingoni, wengine na matumbo makubwa, na mmoja wao, Kapinga, alikiwekea chombo mkono pembeni akakaa hivyo. Sikuweza kumtazama. Tuligeuza tukarudi, na safari ile vile vidole vya glavu vilishika, hakuna aliyelowa zaidi.

Lakini wa upande wa mji walikuwa wameona bakuli likimwaga maji. Tulipopanda ukingoni makofi yalikuwa machache, na daktari alikuwa amefunga kalamu yake.

"Mumefika, bien," alisema. "Lakini iliingiza mayi. Siwezi tuma mama wa mimba mu kintu ya kupigwa kiraka, yenye kiraka inavuja."

"Ni kopa yangu," Stanislas alisema, akimaanisha ile shaba. Alikuwa amesogea mbele, kofia mkononi, macho chini. "Ni miye nilipiga ile kiraka, docteur. Amadi hana kosa."

Liévin alikohoa. "Baignoire," alisema, na watu wakaanza kucheka.

Nitasema ukweli. Kwa muda wa pumzi mbili nilimwacha Stanislas abebe lawama. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu: kiraka kimeshindwa, rafiki yangu amekubali mwenyewe, jina langu limebaki zima. Lakini kiraka kikiwa kibovu, gari ni bovu, na gari likiwa bovu zahanati inafungwa. Na kile kiraka kilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona mkononi mwa mtu. Marie-Thérèse alikuwa akikamua maji kwenye pindo la nguo yake, na hakunisaidia hata kidogo.

"Kopa ya Stanislas haina na tone," nikasema. "Muligeuze muone."

Vijana wa salongo walililaza gari ubavu. Shaba ilimetameta, mpira ukingoni ni mkavu, ribiti arobaini na nne zimekaa. Karibu nayo vilichungulia vidole vinne vya glavu.

"Matundu ni miye njo nilitoboa," nikasema, kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia. "Jana, na drili yangu. Ni desturi tu ya mukono. Mashine iko mazima. Mujinga ni miye."

Watu mia mbili wakavunjika mbavu. Liévin alicheka mpaka akashika mti. Walicheka wazee, walicheka watoto, alicheka mkuu wa mtaa aliyekuwa na cheo cha kutocheka. Nilisimama wima katikati yao, suruali imelowa hadi magoti, na sikuinamisha kichwa, kwa sababu kila kicheko kilikuwa ushahidi kwamba gari ni zima.

Daktari peke yake hakuelewa. "Fundi gani anatoboaka mashua?" aliuliza.

Hapo Liévin alifuta machozi. Alikwenda mpaka kwenye Landrova ya daktari, akafungua mlango, akainua mkeka wa mbele.

"Kuya uone, docteur."

Daktari aliinama. Sakafuni mwa gari lake kulikuwa na matundu, ya mviringo, safi.

"Hizi ni miye," Liévin alisema. "Mwaka jana, ulipoleta breki nitengeneze. Haukuniomba. Shiye wote wa Katuba tunafanyaka vile." Kisha akanigeukia, na uso wake haukuwa na dhihaka tena. "Hata miye ningetoboa, Amadi. Na ya kwangu na matundu ine isingefika ng'ambo."

Sikuwahi kusikia sifa nzito hivyo kutoka kwa mtu anayeijua kazi. Nilichukua boliti nne na vipande vya mpira kutoka kwenye sanduku langu, nikapiga magoti kwenye tope, nikaziba matundu yale mbele ya watu wote na kukaza mpaka spana ilipogoma. Stanislas alinishikia taa ya mafundi, ingawa ilikuwa saa tano mchana.

Daktari alifungua kalamu yake tena, akaandika kwenye karatasi juu ya boneti, akampa Marie-Thérèse. Aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya blauzi, akaingia garini bila kuaga mtu.

"Twende, Papa," aliniambia. "Kapinga anaweza zaa hata leo."

Nilikuwa nimeshika kamba ya kuwashia injini wakati daktari alipoketi kwenye nyasi na kuanza kuvua viatu vyake vinavyong'aa. Alivifunga kamba pamoja, akavining'iniza shingoni, akakunja suruali ya abakosi na kupanda. Alisimama kwanza, ameshika ukingo, akitazama mkeka wa sakafuni, akaniuliza akae wapi.

"Ikala kwenye unapenda, docteur," nikamwambia. "Chini iko kavu."