Ndimu ya Mzee Mwangangi

Baba yangu, Mzee Mwangangi, alipoambiwa kwamba Kiema anataka kuleta wazee wa kwao, hakusema ndiyo wala la. Alishusha patasi, akapuliza vumbi mgongoni mwa twiga aliyekuwa akimchonga, ndipo akasema, "Waje. Lakini mimi sitaongea mambo ya binti yangu na soda mkononi. Na hizo bia za kreti sizitaki pia. Waniletee Kanga."

Hapo nilijua tumekwisha.

Kanga ilikuwa bia, ya aina ile wanayoiita pale ale, yenye rangi ya shaba na uchungu wa kiasi. Ilipikwa mahali pamoja tu duniani, nyuma ya baa moja ndogo pale Umoja, na Baba alikuwa akinywa glasi mbili kila Jumamosi tangu Mama atutoke. Si moja, si tatu. Mwaka jana jengo lile lilibomolewa, baa ikafa, na Kanga ikafa nayo. Kumtaka mtu alete Kanga sasa ilikuwa sawa na kumtuma maziwa ya kuku.

Na Baba si mtu wa kubembelezwa. Kwetu, mzee akishasema ataonja kinywaji fulani ndipo mazungumzo yaanze, basi asipokionja hakuna ndoa. Wageni watakula, watashukuru, watarudi kwao na mbuzi wao. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo, nampenda Kiema hadi aibu, na kati yangu na yeye kulikuwa na chupa ya bia isiyokuwepo.

"Shida yake ni nini na mimi?" Kiema aliniuliza. Kiema huendesha lori Industrial Area, ni mpole kuliko lori lake, na alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu huko Joska.

"Joska," nikamwambia. "Ukiitaja, anakunja uso utadhani umesema Japani."

"Lakini Joska ni hapo tu! Si unatoka hapa Komarock, unafuata hii barabara ya Kangundo na umefika?"

"Mwambie yeye."

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini hasira zangu zina faida moja: hazinilazi kitandani, zinaniinua. Nikasema, kama Kanga amekufa, tutamfufua, tena jikoni mwa Baba mwenyewe, ili akikataa akatae akiwa amekodoa macho.

Nilianzia kwa jirani yetu Batulo, Mama Kawsar, Mwislamu wa swala tano ambaye ana duka la jumla la nafaka Eastleigh. Nilimwambia ukweli, maana Batulo haongopewi.

"Mama Kawsar, nataka shayiri. Ni ya kupika bia ya wazee."

Aliziba masikio kwa mikono yote miwili. "Mimi sijasikia! Nikisikia siwezi kukuuzia. Nenda duka lingine, Nthoki, na ukipita na hilo gunia usinisalimie." Kisha akateremsha mikono. "Huyo kijana lakini ni mzuri. Usimwache."

Shayiri nikaipata kwingine. Tuliiloweka, tukaitandaza juu ya gunia bichi hadi ikachipua, tukaianika juu ya paa, tukaikaanga kidogo ipate rangi. Hicho ndicho kimea, na hata bibi yangu alikijua, ila yeye alitumia mtama na hakuwa na simu ya kumwonyesha Mzungu akikoroga pipa. Kimea tulikilaza katika maji ya moto, sufuria tukaifunga blanketi kama mtoto mwenye homa. Tukachuja, tukachemsha na hopsi, yale maua makavu yanayotia uchungu, tukapoza katika beseni siku ambayo maji ya mgao yalikubali kuja, tukatia hamira.

Hamira ya mandazi. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Baba alionja, akatafakari kwa heshima zote, akasema, "Hii ni nzuri. Kitumbua kiko wapi nichovye?"

Mara ya pili tulitia sukari nyingi mno chupani. Chupa tulizihifadhi katika kabati ambamo Baba huweka vinyago vyake, na Jumapili moja, watu wa jumuiya ya kanisa wakiwa sebuleni wamefumba macho wakisali, zikaanza kulipuka moja baada ya nyingine. Shemasi alilala chini. Kinamama wakaita jina la Bwana kwa nguvu ambazo sijawahi kuzisikia kanisani. Twiga wote wa Baba walilowa bia, naye akawaanika, akawapeleka sokoni na kuwauza hivyo hivyo, na akarudi akidai kwamba mnunuzi alisifu harufu ya mti.

Mara ya tatu Kiema alitafuta hamira yenyewe ya bia kwa mtu anayeijua kazi hiyo. Siku ya kufungua chupa nilimimina taratibu. Ilikuwa na rangi ile ile, povu lile lile. Nilionja kwanza mimi, na ingawa sikuwa mnywaji, nilihisi kwamba kitu hiki kimekamilika. Nikampelekea Baba nikiwa nimeanza kutabasamu.

Alikunywa. Akafuta sharubu.

"Umekaribia," akasema. "Lakini ndimu iko wapi?"

"Ndimu gani, Baba?"

"Kanga ilikuwa na ndimu. Na mwishoni ilikuwa na ukali fulani, hapa kwenye midomo. Hii haina."

Basi nikatia maganda ya ndimu. "Si hiyo." Nikatia mchaichai. "Sasa umenipikia chai." Nikatia tangawizi ili nipate ule ukali. "Hii peleka kwa mtu mwenye kifua." Jumamosi moja tunapika, nyingine tunajaza chupa, nyingine tunaonja na kukataliwa. Baba aliweka kigoda chake mlangoni mwa jikoni, akichonga na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Alinisimulia jinsi Mama alivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu ya kofia yake. Alimcheka Kiema alivyobeba maji huku akiyamwaga viatuni. Nilikuwa nimekasirika, na bado sikumbuki kucheka vile tangu tumzike Mama.

Lakini watu wa kwao Kiema hawakuwa wakicheka. Mjomba wake, Mzee Maingi, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alipiga simu kutoka Wamunyu. "Tumengoja vya kutosha," alimwambia Kiema. "Mwisho wa mwezi tunakuja na mbuzi. Huyo mzee asipoonja, tunarudi nao, na mimi safari nyingine siiongozi." Kiema aliponieleza, uso wake ulikuwa umenywea. Nilimshika mkono.

Nilikwenda Umoja kumtafuta Naftaly, aliyekuwa mpishi wa Kanga. Siku hizi anauza vifuniko vya simu, kando ya pale pale baa ilipokuwa. Mkobani nilikuwa na chupa moja ya ile pombe ya tatu, iliyokuwa safi kuliko zote.

"Naftaly, niambie ukweli. Ndimu mlikuwa mnatia saa ngapi?"

"Ndimu? Sistee, hakukuwa na ndimu kwa Kanga."

"Babangu anasema ilikuwepo."

"Mzee wako namheshimu, lakini hapo amekosea. Ni kimea, hopsi, hamira na maji. Walahi tena."

Nilimwambia anaficha siri ya baa iliyokufa kana kwamba atazikwa nayo. Nilimwambia mengine pia. Alinisikiliza, akanipa stuli, na nilipomaliza nikagundua kwamba njaa inaniuma. Hatua chache mbele yetu mama mmoja alikuwa akichoma mahindi, nikanunua moja. Akalisugua kwa kipande cha ndimu alichokichovya katika pilipili na chumvi, nikalitafuna kwa hasira zote nilizokuwa nazo, na lilipoanza kunikaba nikafungua chupa nyuma ya kibanda cha Naftaly na kupiga funda.

Ndimu ikaja. Kisha ukali, pale pale kwenye midomo.

Nilikumbuka sharubu za Baba kila Jumamosi jioni alipokuwa akirudi kutoka baa, zimeshika nyuzi za hindi. Nilicheka hadi nikakalia jiwe. Nilimwomba Naftaly msamaha, nikamnunulia hindi, na yule mama nikamnunulia soda, maana mtu akishafurahi lazima atoe.

Siku ya wageni Baba alivaa koti lake la kijivu. Batulo alileta sinia la sambusa, akaketi mbali kabisa na chupa, karibu kabisa na maneno. Mzee Maingi na wenzake watatu walijaza kochi letu, mbuzi wakilia nje kwenye kibaraza. Kiema alikuwa akitokwa na jasho utadhani yeye ndiye anayechomwa.

Nilimwekea Baba glasi. Kando yake nikaweka sahani yenye hindi moja la kuchoma, ndimu na pilipili.

Aliliangalia lile hindi. Kisha akaniangalia mimi. Alilichukua, akalisugua polepole, akatafuna mistari miwili, akainua glasi na kuonja.

"Nani alikuambia kuhusu hindi?" akauliza.

"Hakuna. Nilikuwa na njaa tu." Ndipo maneno yake yakaniingia. "Baba! Kwani wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Aliangalia glasi. "Ile ya tatu ilikuwa ndiyo yenyewe, Nthoki. Haikukosa chochote."

Damu ilinipanda kichwani. Mbele ya wageni, mbele ya Mzee Maingi na ukoo wake, nilikuwa tayari kuichukua ile glasi na kulimwagia koti lake. "Na mchaichai? Na tangawizi? Mbona ukatutesa hivyo?"

"Kwa sababu ungeenda," akasema. Alisema kawaida tu, kama anayetaja bei. "Ningesema ni yenyewe, wazee wangekuja kesho yake, nawe ungeenda Joska. Lakini nikisema ndimu, Jumamosi inayofuata unarudi jikoni. Nyumba hii ilikuwa imenyamaza sana. Nilipenda ile kelele."

Hasira zikaniishia, zote, nikabaki nimesimama na machozi yananitoka mbele ya watu. Niliona uchungu, na niliona upendo, na sikujua kipi kinaniliza. Kiema alikuwa ameinamisha kichwa. Batulo alijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake na kujifanya anapanga sambusa.

Mzee Maingi alikohoa. "Mzee mwenzangu, sisi tumekusikia. Je, umekionja au hujakionja?"

"Nimekionja. Kumeza ndiko bado kunataka ruhusa ya binti." Baba alinyoosha mgongo, akaniita mbele yake kama desturi inavyotaka, akaishika glasi kwa mikono miwili. "Nthoki, pombe ya watu hawa nikiimeza siwezi kuitapika. Lakini kabla hujanijibu, nina sharti langu moja. Mbuzi waongeze au wapunguze, hayo tutaelewana. Ile sufuria haiendi Joska. Inabaki hapa jikoni."

Wazee wa Wamunyu walitazamana. Mmoja akaanza kuchekea puani, na Mzee Maingi akasema Joska na Komarock ni barabara moja, na kama Kiema anaweza kupeleka mizigo hadi mpakani Malaba, hatashindwa kumleta mke nyumbani kwa baba yake.

"Nitamleta, Baba," Kiema akasema haraka. "Hata maji nitabeba."

"Wewe utayamwaga," Baba akamjibu, lakini macho yake hayakuniacha. "Basi niambie, mama. Ninywe?"

"Kunywa, Baba," nikamwambia. "Ile nyingine tunapika Jumamosi."