Fagio la Kombo

"Kitendawili!"
"Tega."
"Nafagia, lakini sitoi taka."
Jibu ni zege bichi. Mwanangu Kombo ndiye aliyenitegea. Alilifagia kando ya bwawa la kuogelea la hoteli, hapa kijijini Utende, kwa fagio la chelewa nililomfungia mimi, libaki na mistari ili wageni wasiteleze. Alitumia mkono wa kushoto, mistari ikalalia kushoto.

Mwaka huu sakafu imepasuka, na Kombo tulishamzika. Fundi Obed akaja kuomba fagio.
"Shikamoo bibi. Nasakafia upya."
"Marahaba. Hubakizi hata kipande?"
"Kinakata watu miguu, bibi."
Nikamfungia. Alipomaliza nikaenda kutazama. Mistari mizuri, imelalia kulia.
"Umeweza, baba," nikamwambia.
Nikaokota kwenye kifusi kipande chenye mistari ya kushoto, nikakifunga kwenye pindo la kanga.